Mbio Jumamosi, Jabali Jumapili

Mwambie kocha wa mbio kwamba Jumamosi utakimbia nusu marathoni mjini Moab, jangwani Utah, na kwamba Jumapili utajifunga kamba ukwee mwamba ulio nje ya mji huohuo. Atatikisa kichwa na kukuambia kwamba hizo mbio unazidharau. Mwambie hayohayo mkwea majabali aliyebobea. Atakujibu kwamba mwamba hauguswi na mtu aliyechoka, na kwamba anayefika na miguu ya jana anahatarisha maisha yake na ya mwenzake anayemshikia kamba. Lipeleke shauri kwa wazee wetu, nao watalifunga kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Wote watatu wanasema neno moja: chagua. Wikiendi moja, mchezo mmoja.

Rai hii imekubalika kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuitetea. Inatajwa tu, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi naipinga. Siipingi ili nipate ruhusa ya kufanya nipendalo, kwa kuwa ruhusa hiyo sihitaji kuiomba kwa mtu. Naipinga kwa sababu naiona ikiwapeleka watu kwenye maamuzi mabaya kuliko yale inayodai kuwaepusha nayo.

Tuanze na mahali penyewe, maana wanaoishikilia rai hii husema kana kwamba mbio ziko nchi moja na miamba iko nyingine. Moab ni mji wa watu wapatao elfu tano, mashariki mwa jimbo la Utah, kando ya mto Colorado, kwenye mwinuko wa mita kama 1,200. Kila Machi hufanyika hapo nusu marathoni ya Canyonlands. Asubuhi wakimbiaji hupandishwa kwa mabasi kufuata barabara namba 128, inayojipinda pamoja na mto ndani ya korongo, kisha huteremka mbio kurudi mjini huku kuta za mwamba mwekundu zimesimama kulia na kushoto. Njiani wanapita Big Bend, penye majabali yaliyoporomoka zamani karibu na lami, ambapo wakwezi hujijaribu bila kamba wakiwa wametandika magodoro chini. Ukiipanda barabara hiyohiyo kupita pale mbio zinapoanzia, unaifikia njia ya kwendea Castleton, mnara wa mwamba wenye kimo cha mita kama 120, ambao Layton Kor na Huntley Ingalls waliukwea kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Upande mwingine wa mji, barabara ya Potash inapita chini kabisa ya ukuta unaoitwa Wall Street. Pale mtu anafungua mlango wa gari, anapiga hatua chache, na mkono wake uko juu ya jiwe.

Methali ya pili inayotolewa katika ubishi huu ni ile ya njia mbili zilizomshinda fisi. Ni kweli zilimshinda. Lakini fisi yule alipasuka kwa sababu njia ziliachana naye akataka kuzipita zote kwa wakati mmoja, mguu huku na mguu kule. Moab njia haziachani. Anayekimbia Jumamosi anapita chini ya mwamba wa aina ileile atakayoikwea Jumapili, na kati ya mstari wa kumalizia na fundo la kwanza la kamba kuna mchana mzima wa kula na usiku mzima wa kulala.

Hata kalenda inakubali. Mwezi Julai joto la Moab hupita nyuzi 38, na ukuta unaotazama kusini haukweeki. Katikati ya majira ya baridi usiku huganda, na barafu hukawia kwenye kivuli cha makorongo. Kinachobaki ni wiki za kuchipua majani na wiki za kupukutika: Machi na Aprili, kisha Oktoba hadi Novemba. Ndizo wiki ambazo mbio za Moab zimepangwa, ile ya Canyonlands mwezi Machi na zile za njia za milimani mwezi Novemba, na ndizo wiki ambazo wakwezi hujaa kwenye nyufa za Indian Creek, kusini mwa mji. Anayemwambia mtu achague mchezo mmoja kwa wikiendi anamwambia aachie nusu ya msimu ambao tayari ni mfupi.

Na kufika kwenyewe si bure. Kutoka Denver hadi Moab ni kilomita zipatazo 570. Barabara kuu ya I-70 inaivuka milima ya Rocky kupitia handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, ambapo Machi theluji bado inafunga njia. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili huku Denver na Aurora tunafanya kazi za zamu: hospitali, nyumba za kutunzia wazee, maghala, malori. Wikiendi huru inaombwa mapema, na ikitolewa mwezi huu, ya mwezi ujao haina uhakika. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kila mchezo unastahili safari yake ni ushauri wa mtu mwenye wikiendi za kumwaga. Huyu wa zamu akichagua moja, ile nyingine hataifanya mwezi ujao. Hataifanya kabisa.

Sasa tuulize fundisho hili lilikotoka. Lilitoka kwa watu wanaoishi kwa mbio, na kwao ni sahihi kabisa. Eliud Kipchoge, chini ya kocha Patrick Sang katika kambi ya Kaptagat, kwa miaka mingi alikimbia marathoni kama mbili tu kwa mwaka. Alipoweka rekodi ya saa 2:01:09 mjini Berlin mwaka 2022, kila siku ya miezi iliyotangulia ilikuwa imepangwa kwa ajili ya saa mbili zile. Mtu wa kiwango hicho akiteguka kifundo cha mguu kwenye mawe siku ya Jumapili, wanaopata hasara ni wengi kuliko yeye. Kipchoge ana kila sababu ya kukaa mbali na mwamba. Sisi wa Afrika Mashariki tumeikuza sura ya mkimbiaji kwa kuwatazama watu kama yeye, tukadhani nidhamu yao ndiyo maana ya kukimbia.

Lakini nidhamu ile ni masharti ya kazi. Ikishushwa ilivyo na kuvikwa muuguzi anayemaliza nusu marathoni kwa saa mbili na robo, inabaki na ukali wake bila sababu yake. Huyu muuguzi hana mkataba wa kupoteza, wala dakika mbili atakazopunguza kwa kupumzika Jumapili hazitambadilishia kitu. Anachokitafuta jangwani ni kutumia mwili wake wote mahali pazuri pamoja na watu anaowapenda. Nashindwa kuona ni kwa heshima ya nani anatakiwa akae hotelini siku ya pili akiutazama mwamba kupitia dirisha.

Wenye elimu ya mazoezi wana hoja ya kisayansi, nami sitaki kuipita pembeni, kwa sababu ndiyo inayowatisha watu wanaofikiri. Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson alichapisha matokeo ya jaribio lililokuwa na makundi matatu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu, jingine mazoezi ya stamina, na la tatu likafanya yote mawili kwa wiki kumi. Kundi la tatu liliongezeka nguvu sawa na la kwanza kwa wiki kama saba, kisha likasimama, na mwishoni likaanza kurudi nyuma. Tangu hapo imekuwa kawaida kusema kuwa sayansi imethibitisha kwamba stamina inaua nguvu.

Soma tena nilichoandika. Wiki kumi. Mazoezi makali siku tano na sita kila wiki, na watu wa kundi la tatu waliubeba mzigo wa makundi yote mawili. Hickson alikuwa anapima jinsi mwili unavyojijenga kwa muda mrefu ukipewa amri mbili zinazopingana. Hakupima kama mtu aliyekimbia kilomita 21 Jumamosi anaweza kukwea mwamba wa kiasi Jumapili bila kudhurika. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba hata kwa mazoezi ya muda mrefu athari ile ni ndogo kuliko ilivyotangazwa. Kuliondoa jaribio lile kwenye maabara yake na kulitumia kumzuia mtu asikwee wikiendi moja ni kulifanya liseme lisilosema.

Twende kwenye mwili wenyewe, kwa sababu hapo ndipo mambo ya kweli yalipo, na hapo wapinzani wangu wana pointi ambazo wao wenyewe hawazitumii vizuri. Nusu marathoni inayoteremka korongo inaumiza zaidi sehemu ya mbele ya mapaja na vigimbi. Kila hatua ya kuteremka misuli ya paja inavutika huku inajikaza, na uchungu wa kazi ya namna hiyo hauji siku hiyohiyo. Unajijenga taratibu na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Maana yake, Jumapili asubuhi mkimbiaji amekakamaa, ila mbaya zaidi itamkuta Jumatatu. Akiba ya sukari ndani ya misuli, ile glaikojeni, kwa sehemu kubwa hurudi ndani ya siku moja kama mtu amekula wali, viazi na mkate wa kutosha baada ya kumaliza badala ya kushangilia kwa soda moja.

Kukwea nyufa za mwamba wa Utah kunataka kitu kingine. Mkono mzima unaingizwa ndani ya ufa, kidole gumba kinakunjwa kuelekea kiganjani, na mkono unajaa mpaka unajibana wenyewe kwenye kuta mbili. Mguu unaingizwa kwa upande na kuzungushwa hadi unakaza. Vigasha, mabega, mgongo na ngozi ya mikono ndivyo vinavyolipa, na kwa sehemu kubwa mbio hazikuvigusa. Kigimbi nacho, tofauti na watu wanavyodhani, hupumzika zaidi ndani ya ufa wa kuingia mkono kuliko kwenye mwamba wa vishikio vidogo, kwa sababu mguu uliojibana unabebwa na mifupa yake, wakati anayesimama kwa ncha ya kidole cha mguu anabebwa na kigimbi hadi kitetemeke. Kwa hiyo aliyekimbia jana asiende kwenye miamba ya kuinama inayokwewa kwa kusugua soli. Pale atateseka. Ufa utampokea vizuri zaidi.

Vidole vya miguu ni suala jingine, nami nalikubali bila kinyongo. Mteremko hugonganisha vidole na ncha ya kiatu, na wakimbiaji wengi humaliza wakiwa na ukucha uliovilia damu. Kumwambia mtu huyo auzungushe mguu ndani ya ufa ni kumwambia aumie. Kama ukucha umeharibika, mwamba umekwisha kwa wikiendi hiyo, au avae kiatu kipana chenye soli ngumu na kukwea palipo na nafasi ya kuweka mguu wote. Kocha anayejua kazi yake angemuuliza mtu kuhusu vidole vyake. Hao ninaobishana nao hawaulizi. Wana jibu moja kwa kila mguu.

Tuje kwenye hatari, kwa kuwa hiyo ndiyo hoja inayowafanya watu wanyamaze. Inasemwa kwamba mchovu hukosea, na kosa juu ya mwamba halina kufuta. Ni kweli. Klabu ya Wapanda Milima ya Marekani imekuwa ikichapisha taarifa za ajali kila mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na anayezisoma anakutana na yaleyale mwaka baada ya mwaka: mtu anashuka kwa kamba ambayo ncha zake hazikufungwa fundo, mtu anateremshwa kwa kamba iliyo fupi kuliko mwamba, mshipi haukufungwa sawasawa, mwenza mmoja amedhani mwingine amekwisha kukagua. Ajali hizi huwapata wachovu, na huwapata pia walioamka wakiwa wamelala saa tisa. Dawa yake inafahamika nayo ni ya bei nafuu: fundo mwishoni mwa kamba, macho ya watu wawili juu ya kila fundo na mshipi, na kusema kwa sauti kabla ya kuondoka ardhini.

Mchovu akiamua kukwea Castleton Jumapili, mnara unaotaka kupanda mteremko mrefu wa mawe kabla hata ya kuufikia na kisha kushuka kwa kamba mara kadhaa, mimi mwenyewe nitamzuia. Lakini mtu haendi Castleton kwa sababu alikimbia jana. Anakwenda kwa sababu hakukubali kupunguza. Anayeunganisha michezo miwili kwa akili hupunguza upande wa pili: anakwenda Wall Street, kamba imekwisha kufungwa juu, njia inayopandwa iko chini ya kiwango chake cha kawaida, na katika kundi kuna angalau mtu mmoja ambaye hakukimbia, ndiye mkaguzi wa mafundo. Mwamba wa namna hiyo una hatari ndogo kuliko kuendesha gari saa sita kurudi Denver usiku huohuo, jambo ambalo wanaonionya kuhusu uchovu hawalitaji, na ambalo wengi wao hulifanya. Mimi nasema lala Moab Jumapili usiku kama kazi inakuruhusu. Kama haikuruhusu, anza safari mchana.

Katika mabishano haya lazima atatajwa Aron Ralston. Aprili 2003 Ralston, mkwezi mwenye uzoefu, aliendesha baiskeli hadi karibu na korongo la Bluejohn, upande wa pili wa hifadhi ya taifa ya Canyonlands, akaiacha, akaingia korongoni kwa miguu. Jiwe kubwa likaubana mkono wake wa kulia. Alikaa pale zaidi ya siku tano, na mwishowe aliukata mkono huo mwenyewe kwa kisu butu ili aishi. Kisa chake kinasimuliwa kama onyo kwa watu wanaochanganya michezo wikiendi moja: ndivyo inavyokuwa ukitaka kila kitu, wanasema.

Hapana. Ralston aliingia korongoni peke yake, na hakumwambia mtu yeyote anakwenda wapi. Yeye mwenyewe amelisema hilo waziwazi katika kitabu chake. Kama angeenda kwa miguu tu, bila baiskeli, peke yake na bila kuaga, jiwe lingembana vilevile na asingetafutwa mapema hata kwa saa moja. Wikiendi ya mbio inafanya kinyume cha kile kilichomponza. Jina lako limeandikwa kwenye orodha. Una watu uliokuja nao, wanaojua ulivyomaliza Jumamosi na watakaokuuliza Jumapili unakwea wapi. Anayeelekea mwambani kutoka kwenye kundi la wakimbiaji haondoki kimyakimya. Kama kisa kile kinathibitisha kitu katika ubishi huu, kinathibitisha upande wangu.

Nimeiacha hoja ya mvua hadi sasa, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwamba wa Indian Creek na wa Castleton unaitwa Wingate. Miaka kama milioni 200 iliyopita ulikuwa matuta ya mchanga yaliyorundikwa na upepo. Chembe zile zimeshikamana kwa madini yaliyojipenyeza katikati yake, na ukiwa mkavu ni mgumu ajabu: mwaka 1976 Earl Wiggins na wenzake waliukwea ufa maarufu wa Supercrack kabla vyuma vya springi vinavyojibana ndani ya nyufa havijaanza kuuzwa, na mwamba uliwabeba. Lakini ukinyeshewa, jiwe hili hunywa maji. Mshikamano unalegea. Kishikio kilichobeba maelfu ya mikono kinaweza kukatika, na chuma kilichobanwa ufani kinaweza kuung'oa ufa wenyewe na kutoka nao. Kibaya zaidi, uso unakauka kwanza. Saa chache baada ya mvua ukuta unaonekana mkavu, rangi imerudi, ilhali ndani bado umelowa. Ndiyo maana wakwezi wa eneo lile wanasisitiza kusubiri siku nzima angalau, na baada ya mvua kubwa siku mbili au tatu. Kilichovunjika hakiungwi. Njia iliyokuwapo kwa miaka 50 inaweza kuharibiwa na mtu mmoja asubuhi moja.

Sasa mfikirie yule aliyetii fundisho la mchezo mmoja. Amechagua mwamba. Ameomba likizo, amesafiri saa sita, amelipia kambi, na Ijumaa usiku imenyesha. Jumamosi jua limetoka na ukuta unaonekana safi. Hana kitu kingine chochote cha kufanya mjini pale. Kila kilichomleta kiko juu ya jiwe lile, na Jumapili jioni lazima aondoke. Hapo ndipo watu huanza kujidanganya: wanaligusa jiwe kwa kiganja, wanauchimba mchanga wa chini kidogo kwa kidole, wanasema limekauka. Kila mwaka watu hukwea jiwe bichi huko Utah, na wengi wao wanaijua sheria. Walikosa namna ya kurudi nyumbani wakiwa na kitu.

Mwenye mbio anayo. Lami ya barabara namba 128 haidhuriki kwa mvua. Atakimbia akiwa amelowa, atamaliza, na Jumapili, jiwe likiwa bado bichi, ataliacha bila kuhisi kwamba wikiendi yake imeibwa. Na inakwenda pande zote mbili. Anayeamka Jumamosi na goti linalouma, mwenye miamba inayomngoja kesho, hukubali kwa urahisi zaidi kutoanza mbio kuliko yule ambaye mbio zile ndizo peke yake zilizomfikisha pale. Hizi lawama za kutojali tunazotupiwa sisi tunaounganisha ziko mahali pasipostahili. Anayeweza kusema hapana mbele ya mwamba uliolowa ndiye anayeuheshimu, na mara nyingi huyo ni mtu ambaye hakuweka matumaini yake yote juu ya jiwe moja.

Baada ya hoja hii ile ya ubingwa naiona nyepesi, ila nitaijibu. Inasemwa kwamba mwenye mambo mawili hawezi kulijua hata moja kwa kina. Februari 2018, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Ester Ledecká wa Ucheki alishinda dhahabu ya super-G kwa skii, akimpita bingwa mtetezi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na wiki moja baadaye akashinda dhahabu nyingine kwa ubao wa theluji. Huku Colorado, Anton Krupicka alishinda mbio za maili 100 za Leadville mwaka 2006 na 2007, na amejulikana vilevile kama mkwezi. Sisemi kwamba muuguzi wetu ni Ledecká. Nasema tu kwamba ule uzio unaoelezwa kama sheria ya maumbile una watu waliouruka hata kwenye kiwango cha juu kabisa, na kwenye kiwango chetu ni mdogo zaidi.

Wapo pia wanaosema kwamba huu ni ulafi, kwamba jangwa limekuwa sinia na watu wa mjini wanachota kwa mikono yote miwili. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu inaijali ardhi. Indian Creek imo ndani ya hifadhi ya Bears Ears, iliyotangazwa Desemba 2016 baada ya mataifa matano ya wenyeji, wakiwamo Wahopi, Wanavajo na Wazuni, kuungana kuidai, ikapunguzwa mno mwaka uliofuata, ikarudishwa mwaka 2021. Kando ya barabara ya Potash, karibu na pale tunapofunga kamba, kuna michoro iliyochongwa mwambani na watu walioishi hapo karne nyingi kabla yetu. Udongo wa jangwa lile umefunikwa na gamba jeusi lililo hai, na hatua moja ya kiatu huchukua miaka mingi kupona. Katika majira ya kuchipua baadhi ya kuta huachwa ili kozi na tai watotoe kwa amani.

Yote haya yanamdai mkwezi, awe amekimbia jana au hakukimbia. Lakini hesabu ya safari iko upande wetu. Anayefanya mambo mawili kwa safari moja anapita handaki la Eisenhower mara mbili, mwenye safari mbili anapita mara nne. Analala kambini usiku mmoja mmoja kwa kila mchezo, anaegesha gari moja, anachota maji mara moja kwenye mji wa jangwani. Na anayekwea Wall Street Jumapili kwa kuwa miguu yake haitaki mteremko mrefu haongezi njia mpya juu ya gamba la udongo huko juu.

Mpaka wa ninachokitetea uko wazi kwangu. Mwaka 2017 Courtney Dauwalter alishinda mbio za Moab za maili 240, karibu kilomita 390, akiwatangulia wanaume na wanawake wote, kwa takriban saa 58. Baada ya mbio za namna hiyo hakuna mwamba kesho yake, wala kesho kutwa, kwa sababu kichwa kilichokosa usingizi hakiwezi kukagua fundo. Baada ya marathoni kamili ya njia za milimani, kwa watu wengi jibu ni lilelile. Baada ya nusu marathoni ya lami, kwa mtu aliyejizoeza umbali huo, aliyekula, aliyelala, mwenye vidole vizima na mwenza makini, jibu linabadilika.

Kwa hiyo kocha anayetaka kunishinda aachane na ile methali ya mshika mbili. Aniulize nimekimbia umbali gani na mteremko ulikuwaje, nimelala saa ngapi, ukucha wangu una hali gani, nani ananishikia kamba, mvua ya mwisho ilinyesha lini. Kwa maswali hayo anaweza kunirudisha hotelini siku yoyote, nami nitakwenda bila kubisha.